Akaunti Niliyoikana

Kazi yangu ni kupiga video za misiba na harusi. Nakaa Kashai, hapa Bukoba, chumba na sebule, na sebule ndiyo ofisi. Misiba ninayo mingi kuliko harusi. Mwenye harusi ana miezi ya kutafuta mpiga video mwenye kamera ya kuruka angani. Mwenye msiba hana muda huo, ananipigia mimi. Naweka simu kwenye stendi ya miguu mitatu, narusha mubashara kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, na ndugu walioko Dar es Salaam au Mwanza wanazika pamoja na wenzao wakiwa huko huko. Ukurasa unaitwa Rwekaza Matukio. Kwa miaka minane ulikuwa umekusanya video mia sita na kumi na moja.

Jumamosi moja mwishoni mwa Mei nilikuwa Buganguzi, wilayani Muleba, kwenye mazishi ya mzee Mutembei. Kaburi lilikuwa kwenye kibanja chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, hatua chache kutoka uani. Nilisimamisha stendi chini ya ukingo wa turubai, simu ikitazama kaburini, na kinasa sauti kidogo nikakifunga kwenye nguzo ya turubai. Nakitaja kinasa sauti kwa sababu nilikuwa nakionea fahari. Nilikuwa nimekinunua mwezi huo, na kilishika hata mtu anayenong'ona.

Baada ya kuzika, watu wakiwa bado wanaweka mashada, nikaitwa kula. Kwetu huwezi kumjibu mwenye msiba kwamba hujamaliza kazi. Ukikikataa chakula chake ataona una neno naye. Nikaiacha simu ikiendelea kurusha, nikaenda nyuma ya nyumba kula ndizi na maharage. Mvua ikaanza. Waombolezaji wakakimbilia ndani.

Niliporudi nilikuta wazee wa ukoo wamekaa kwenye mabenchi chini ya lile turubai. Kikao cha ukoo hufanyika ndani, wageni wakishaondoka, lakini siku hiyo ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Walikuwa wazee tisa na mwanamke mmoja, na simu yangu iliwatazama kutoka kwenye stendi.

Mimi si wa ukoo wao. Mtu wa ukoo mwingine haingii kwenye kikao kama kile, hata kwa kuchukua kitu chake. Nikasimama barazani, mvua ikipiga bati nisisikie hata neno moja, nikawa naiangalia simu yangu kwa mbali kama mtu anayesubiri ng'ombe wake atoke kwenye shamba la jirani. Nilijiambia kwamba mtandao wa Buganguzi hukatika mvua ikinyesha. Nikajiambia pia kwamba hata kama haujakatika, watazamaji wameshaenda zao. Nilisimama hivyo dakika thelathini na nne. Naijua idadi kwa sababu baadaye niliisoma kwenye video.

Kikao kilipokwisha, kijana mmoja alisukuma turubai kwa mti ili kumwaga maji yaliyotuama juu. Maji yote yakaishukia simu. Ikazimika, na haikuwaka tena.

*

Jumanne mwanamke alibisha mlangoni kwangu Kashai. Nilimtambua kabla hajaketi.

"Ta Rwekaza, mimi Agnetha. Wa mzee Mutembei."

"Karibu, Ma Agnetha. Poleni tena, waitu."

"Asante. Sikuja kupokea pole." Alitoa simu kwenye mkoba, akanikabidhi. "Peleka mpaka dakika ya mia na ishirini na sita. Usikilize."

Nilisikiliza. Sauti ilikuwa safi kabisa. Mzee mmoja alikuwa anauliza, kwa Kihaya, kwa nini marehemu ameagiza mjukuu wake Rose akatiwe kipande cha kibanja, wakati Rose ana baba yake, Magesa, mwenye ardhi yake kwao. Na Agnetha alijibu kwamba Magesa, mume wake, si baba aliyemzaa Rose. Akamtaja aliyemzaa. Akasema baba yake mzazi, Mutembei, alijua tangu mwanzo, na ndiyo maana akataka mtoto awe na mahali pake pasipotegemea ukoo wa mtu.

Nikaizima. Mke wangu, Jovina, alikuwa anamenya viazi pale mlangoni, naye alikuwa amesikia yote. Alichukua sufuria akaingia ndani.

"Magesa anajua?" nikauliza.

"Alinioa nikiwa na mimba. Anajua. Asiyejua ni Rose mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Bweni. Kidato cha pili. Simu hawaruhusiwi, hata mazishi hakupewa ruhusa, walikuwa kwenye mitihani." Alihesabu kwa vidole vyake, polepole. "Shule inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Akishuka kwenye basi, mtu wa kwanza mwenye simu atamwonyesha. Nilikuwa nimepanga kumwambia mimi. Akimaliza kidato cha nne, nilisema."

"Na kwenye ukoo, walikuwa wanajua wangapi?"

"Wawili." Akaichukua simu yake, akasoma idadi ya watazamaji chini ya video. "Leo ni elfu moja mia moja na arobaini."

Nilimwomba msamaha. Aliupokea kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayepokea risiti.

"Nataka uifute," alisema. Kisha akafikiri. "Hapana. Mazishi ya tata, baba yangu, usiyafute. Rose atataka kuona babu yake alivyozikwa. Futa maneno yangu tu."

*

Ilibidi nimweleze jambo ambalo hata mimi nilikuwa bado nalielewa nusu. Simu iliyokufa ndiyo iliyokuwa imefunguliwa ukurasa. Jumatatu nilinunua simu ya mtumba kwa Josia, fundi simu wa mtaani kwetu, nikaandika jina na neno la siri. Mtandao ukajibu kwamba haunitambui kwenye simu hii, na kwamba umetuma tarakimu sita za uthibitisho kwenye namba yangu inayoishia na 47. Laini ya 47 niliiacha miaka mitatu iliyopita, nikahamia nyingine. Nilisahau kubadilisha.

"Kwa hiyo huwezi kuingia," alisema Agnetha.

"Kwa sasa siwezi."

"Lakini wao wanaweza kuangalia."

"Wanaweza."

"Nyumba ni yako, umefungiwa nje, na watu wote wako sebuleni."

"Ndivyo ilivyo, Ma Agnetha."

Alipoondoka nilichukua daftari nikaandika njia zote nilizoweza kuzifikiria, nikaanza na iliyo rahisi. Niliomba niingie kwa kitambulisho cha taifa. Nikakipiga picha mbele na nyuma, nikajipiga na mimi, nikatuma. Jibu lilikuja kesho yake: taarifa hazilingani. Kitambulisho kinasema Deodatus Rwekaza, amezaliwa tarehe kumi na nne Agosti. Akaunti ilisema Rwekaza Matukio, amezaliwa tarehe moja Januari.

Aliyenifungulia akaunti miaka minane iliyopita ni yule yule Josia. Nikaenda kibandani kwake.

"Josia, kwa nini uliniandikia tarehe moja Januari?"

"Ta Rwekaza, siku ile mlikuwa foleni ya watu saba. Wote niliwazaa tarehe moja Januari."

"Hukuniuliza."

"Na wewe hukuniambia. Ulisema, fungua haraka nina harusi Buhembe." Akacheka, halafu akaniangalia akaacha. "Ni jambo kubwa?"

"Kubwa."

Nikiwa na akaunti mpya isiyo na rafiki hata mmoja, niliiripoti ile video. Walijibu kwa Kiswahili cha mashine kwamba wameipitia na hawakuona inavunja kanuni zao. Niliikasirikia kidogo ile barua, kisha nikaifungua video nikaitazama kama mtu asiyejua Kihaya. Wazee tisa na mwanamke mmoja wamekaa kwenye mabenchi, mvua inanyesha, migomba inatikisika nyuma yao. Hakuna damu, hakuna aliye uchi, hakuna anayepiga kelele. Mimi pia ningeipitisha.

Chini yake mtu alikuwa ameandika maoni: "Mazishi ya heshima. Ila msikose dakika ya 126."

*

Alhamisi niliipigia namba yangu ya zamani. Ikaita. Akapokea mwanaume mwenye sauti nzito, nyuma yake injini ya boti.

"Habari yako, ndugu. Naitwa Rwekaza, niko Bukoba. Hii namba unayotumia zamani ilikuwa yangu."

"Enhe."

"Kuna tarakimu sita zitaingia kwenye simu yako. Naomba unisomee."

Alicheka mpaka akakohoa.

"Nyinyi watu! Jumatatu mmoja kaniambia ni wa benki. Jana mwingine kaniambia nimeshinda pikipiki. Na wewe leo ni nani?"

"Mpiga video wa misiba."

"Mpiga video wa misiba! Hiyo mpya. Hiyo sijawahi kuisikia. Sasa, baba, mimi naitwa Mashimba, nanunua dagaa huku kisiwani, na tumetangaziwa mpaka na padri kanisani: tarakimu zikiingia kwenye simu yako, usimsomee mtu. Hata mke wangu simsomei."

Sikuweza kumlaumu. Alikuwa anafanya vile vile ninavyomfundisha mama mkwe wangu.

"Uko sahihi," nilimwambia. "Nikija ukaniona uso kwa uso, utakubali?"

"Tapeli hasafiri," alisema. "Jumamosi nashusha mzigo mwalo wa Katunguru. Njoo na kitambulisho. Na kama wewe ni mwongo, kuna vijana wa kubeba magunia pale, watakubeba na wewe."

Jumamosi nikapanda gari mpaka Muleba, kisha bodaboda mpaka mwaloni. Mashimba alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, akihesabu magunia ya dagaa. Alikisoma kitambulisho changu neno kwa neno. Akaniuliza kwa nini natafuta tarakimu hizo, nikamweleza bila kutaja majina: kuna maneno ya mama mmoja yametoka nje kwa uzembe wangu, na mtoto wake anarudi Ijumaa.

"Mtoto wa kike?"

"Wa kike."

Alivua kofia akajikuna. "Fanya haraka," alisema. "Tuma."

Nikabonyeza. Tukasubiri, vichwa viwili juu ya simu yake ndogo ya batani. Mwaloni pale mtandao unakuja na kuondoka. Dakika kumi zikapita, kumi na tano. Nikabonyeza tena. Mashimba akaisogeza simu juu ya rundo la magunia, kisha akampa kijana mmoja apande nayo kwenye ukingo wa boti. Nikabonyeza mara ya tatu. Baadaye jumbe zote tatu ziliingia kwa mpigo, na tarakimu zote zilikuwa zimekwisha muda wake isipokuwa za mwisho. Niliziandika haraka. Kioo changu kikaleta maandishi: umejaribu mara nyingi mno, kwa usalama wa akaunti yako jaribu tena baada ya siku kumi na nne.

Mashimba alisoma pamoja nami, midomo yake ikitembea.

"Siku kumi na nne. Na Ijumaa ni..."

"Zimebaki siku sita."

"Pole, ndugu yangu." Alinifungia kilo mbili za dagaa kwenye mfuko wa nailoni na akakataa kulipwa. "Kweli unapiga misiba," alisema. "Una uso wa hiyo kazi."

*

Jumapili baada ya misa Josia alikuja kwangu mwenyewe. Alikuwa amefikiri.

"Ta Rwekaza, umeomba wakurudishie akaunti, wamekataa kwa sababu kitambulisho hakilingani. Sasa usiombe wakurudishie. Waambie si yako."

"Ni yangu, Josia."

"Sikiliza. Ile akaunti ina picha yako, ina jina lako, na tarehe ya uongo. Kuna fomu ya kusema: mtu huyu anajifanya mimi. Unaweka kitambulisho. Wao wanalinganisha sura, wanaona wewe ndiye Rwekaza wa kweli, na yule wa tarehe moja Januari ni tapeli. Wanamfungia. Yote inaondoka."

"Yote?"

"Yote. Hawafuti moja moja. Wanang'oa shina."

Jovina alikuwa anakunja nguo. Alinitazama.

Mtu asiyefanya kazi hii anaweza kudhani video ni video. Lakini wengi wa watu wangu hawana picha nyingine ya mzee wao akitembea na kuongea isipokuwa ile aliyoonekana nyuma, kwenye harusi ya mtu. Wananipigia baada ya miaka miwili: Ta Rwekaza, kwenye harusi ya Bernadeta, mama alicheza kidogo, bado ipo? Ninawaambia ipo. Na video ya kwanza kabisa kwenye ule ukurasa ni ya mama yangu mwenyewe, Celina, akimenya ndizi Buhembe, siku niliyokuwa najaribu simu. Ni dakika mbili. Ananiambia, "Weka hicho kitu chini unisaidie." Alifariki mwaka uliofuata, na sikuwa nimeihifadhi popote, kwa sababu ilikuwa mtandaoni, na niliamini cha mtandaoni hakipotei.

Nilimwambia Josia nitafikiri. Kisha nikafanya ninachofanya siku zote, nikapanga orodha. Kutoka nje ya akaunti nisingeweza kupakua kitu, lakini ningeweza kucheza video kwenye simu moja na kuirekodi kwa simu nyingine juu ya stendi. Kila video ingechukua muda wake kamili. Nilimpa Jovina daftari la namba za wateja, awapigie walio na marehemu humo, awaulize dakika ipi. Ya kwangu nikaiweka mwisho. Niliona si vizuri kuanza na ya kwangu.

Jumapili mchana na Jumatatu kutwa tulirekodi vipande ishirini na tisa. Jumanne asubuhi, nikiwa nabadilisha bando, Jovina alikaa mbele yangu.

"Baba Alistidia. Ma Agnetha anajua kwamba kuna hiyo fomu?"

"Bado sijamwambia."

"Tangu Jumapili?"

Nikaendelea kuweka bando.

"Watazamaji leo wangapi?"

"Elfu tatu na mia mbili."

"Jumapili walikuwa wangapi?"

"Elfu mbili na mia tano."

Alisimama akafuta meza ambayo haikuwa chafu. "Mimi sikuhukumu," alisema. "Mama yako alikuwa mama yangu. Nataka tu ujue unachokihesabu."

Nikaifungua video niangalie maoni. Palikuwa na jipya, la msichana aliyeandika saa moja kabla: "Huyu si mama yake Rose wa bwenini kwetu? Mimi nilimaliza mwaka jana. Jamani." Watu kumi na mmoja walikuwa wamelijibu.

Nikajaza fomu hapo hapo, nikiwa nimesimama. Iliuliza maswali machache. Nani anayeigizwa? Mimi. Una uhakika kwamba akaunti hii si yako? Kulikuwa na kisanduku cha kuweka alama. Nilikaa mbele ya kile kisanduku muda mrefu kuliko fomu nyingine yote. Ni kweli kwamba nisiyeweza kuingia na nisiyeweza kufuta sina cha kuita changu. Lakini hiyo ilikuwa hoja tu, na nilijua ninasema uongo. Nikaweka alama, nikaambatisha kitambulisho na sura yangu. Jibu la mashine likaja: ombi limepokelewa, tutalishughulikia ndani ya saa arobaini na nane.

Saa arobaini na nane zingetosha. Nilipiga hesabu. Orodha ilikuwa imebaki na vipande vitano, kisha cha mama yangu. Lakini nilikumbuka Agnetha alivyosema mlangoni pale, mazishi ya tata usiyafute. Hiyo haikuwa kwenye orodha yangu, maana yeye hakuwa mteja aliyepigiwa simu. Alikuwa ameshaomba tangu siku ya kwanza, na nilikuwa nimesikia sehemu moja tu ya ombi lake. Mazishi yale ni karibu saa mbili mpaka pale mvua inapoanza. Nikasema nianze na hilo kwa sababu ni refu, mengine ni mafupi.

Niliweka simu juu ya stendi nikaicheza. Nilimsikiliza katekista tena, nikasikiliza wasifu wa marehemu, majina ya watoto na wajukuu, Rose akitajwa kama mjukuu asiyeweza kufika. Matone ya kwanza ya mvua yalipoonekana nikazima.

Nikaenda jikoni kunywa maji. Niliporudi kutafuta kipande kilichofuata, ukurasa haukufunguka. Nikaandika jina upya. Yakaja maneno: maudhui haya hayapatikani. Kwenye barua pepe kulikuwa na ujumbe wa kunishukuru kwa kuwasaidia kuifanya jumuiya kuwa salama. Tapeli aliyekuwa anajifanya mimi alikuwa amefungiwa moja kwa moja.

Kile kitambulisho hakikutosha kuonyesha kwamba akaunti ni yangu. Kilitosha kabisa kuonyesha kwamba si yangu.

Nilimpigia Agnetha.

"Imeondoka," nilimwambia.

"Yote?"

"Yote. Ningeweza kuiondoa Jumapili. Nilichelewa siku mbili kwa ajili ya mambo yangu."

Nilisikia kuku wake, na mtu akichota maji.

"Umesema mwenyewe," alisema hatimaye. "Nimesikia."

*

Jumatatu iliyofuata alinipigia yeye. Rose alikuwa amefika Ijumaa saa kumi jioni. Jumamosi asubuhi, kabla hawajaenda kanisani kwa kwaya, Agnetha alimpeleka kibanjani, wakapalilia kuzunguka kaburi la mzee, na akamwambia.

"Sikungoja kidato cha nne," alisema. "Watu elfu tatu hawafutiki. Lakini alisikia kwangu kwanza. Nilimuuliza kama kuna mtu amemwambia kwenye basi, akasema hapana, waliimba njia nzima."

"Akasemaje?"

"Alipalilia mpaka mwisho wa mstari. Kisha akauliza kama Magesa anajua. Nikasema anajua. Akampigia, wakaongea, sikusikiliza." Alivuta pumzi. "Leo anaulizia mazishi ya babu. Nimemwambia hayapo tena."

"Yapo, Ma Agnetha," nikasema. "Nakuja."

Nilifika Buganguzi Jumatano na stendi, simu yangu ya mtumba na memori kadi. Rose alikuwa msichana mrefu mwenye mikono ya mtu anayecheza netiboli. Aliniamkia kwa kupiga goti kidogo, akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kisahani, kisha akaketi mbele ya simu. Video haikuwa nzuri: ilikuwa video ya video, na kwenye kona paliakisi dirisha langu la Kashai. Hakulalamika. Alitazama saa mbili bila kusimama. Jina lake liliposomwa alitabasamu kidogo, akamtazama mama yake aliyekuwa mlangoni. Mama yake alibaki pale pale.

Waliposhusha jeneza alilia, kimya kimya, na sisi tukamwacha.

Mwisho matone ya mvua yakaanza kuonekana juu ya mashada, na kioo kikawa cheusi.

"Baada ya hapo, Ta Rwekaza?" aliuliza.

Nilimtazama mama yake. Hakunisaidia.

"Baada ya hapo mvua ilinyesha," nikasema.

Rose alifikiri kidogo. Akafuta kioo kwa upindo wa kitenge chake, akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Mvua ilinyesha," alisema. "Sawa. Utakula? Mama ameshapika."

Nikakunja stendi, nikaizima simu na kuitia mfukoni, ndipo nikaenda kula.